Nungunungu na Uzi wa Soksi za Mlinzi

Paukwa!

— Pakawa!

Wa mbele mmeitika. Wa nyuma mmenyamaza, na nyie ndio wenye umri wangu. Hadithi hii ni yenu pia. Paukwa tena!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mlima ulipokuwa bado na baridi yake yote, aliishi Nungunungu. Aliishi peke yake pangoni, chini ya jiwe kubwa. Juu ya jiwe lile waliishi pimbi. Pimbi wengi, wadogo kwa wakubwa, wamejaa kwenye nyufa za mwamba kama mbegu ndani ya boga.

Nungunungu alijua kufuma. Mlima mzima hakuna aliyemfikia. Akitaka sindano, hakwenda kuomba kwa jirani. Alipeleka mkono mgongoni, ch! akang'oa mwiba. Ch! akang'oa wa pili. Kisha anakaa mlangoni pa pango lake, na miiba inaanza kusemezana: tiki-tiki, tiki-tiki, tiki-tiki. Uzi unaingia huku, kofia inatokea kule. Watoto wa wanyama walikuwa wanakuja kutazama tu.

Na pimbi walikuwa na mlinzi wao. Jina lake Namkunda. Namkunda alikuwa na mtoto mchanga, na alikuwa na sauti. Sauti gani hiyo! Kila asubuhi alimwachia mama yake mtoto, akapanda juu kabisa ya jiwe, akakaa, akatazama mbinguni. Wenzake wakashuka kula majani. Akiona kivuli cha Tai anapiga ukelele: Kwiii! Kwiii! Kwiii! Hapo ni purukushani, purukushani, pimbi wote nyufani, fyuu! Tai akija anakuta jiwe tupu. Namkunda ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia, siku zote. Ndiyo kazi ya mlinzi.

Sasa sikilizeni. Nyayo za pimbi ni tupu. Hazina manyoya, hazina kwato. Ni ngozi laini tu, kama kiganja cha mtoto. Na kipupwe kikifika mlimani kule, sakitu inaanguka. Sakitu ni ile barafu nyembamba inayolala juu ya majani asubuhi, ukikanyaga inalia kacha! Jiwe lote linakuwa jeupe. Anayekula majani anatembeatembea, miguu inapata moto. Mlinzi hatembei. Mlinzi anakaa.

Pimbi wakafanya kikao. Mama yake Namkunda, Bibi Nakijwa, akasimama. Akasema, "Mwaka jana mwanangu alishuka jiweni akitambaa. Mwaka huu hatashuka. Tumtafutie soksi."

Wakachanga. Huyu kaleta magimbi. Huyu kaleta ulezi. Huyu kaleta asali imefungwa kwenye jani la mgomba. Kapu likajaa mpaka mpini ukalia. Namkunda akalichukua, akashuka nalo mpaka pangoni.

"Hodi, dada Nungu."

"Karibu, mdogo wangu."

"Chakula hiki ni cha kununulia uzi. Tumechanga wote. Mikono ndiyo tunayokuomba."

"Mikono huombi, ipo. Leta huo mguu."

Nungunungu akaupima mguu kwa unyasi. Mguu wenyewe mdogo, wa baridi, umekauka kisiginoni. Huruma ikamshika. Akasema, "Mwaka huu jiwe halitakuuma. Nakuahidi."

Na alisema kweli. Nataka mlijue hilo mapema. Siku ile Nungunungu alisema kweli, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Siku ya soko akajitwika kapu. Huyo, chaka-chaka, chaka-chaka, miiba inalia mgongoni. Akafika sokoni, akaenda moja kwa moja kwa Kondoo.

Kondoo alikuwa amekaa chini, anatafuna. Mbele yake madonge ya uzi wa kijivu, rangi ya majivu ya jana.

"Wa soksi?" Kondoo akauliza.

"Wa soksi. Za mlinzi wa pimbi."

"Basi chukua huu. Mnene, una joto. Unanuka, najua. Ni harufu yangu mimi. Ufue mara mbili utatulia."

Nungunungu akaupapasa. Uzi ulikuwa mzuri kwa kazi ile. Akainama afungue kapu. Hapohapo ikapita harufu. Harufu tamu, ya manukato ya zabadi. Akainua kichwa.

Ng'ambo ya njia alikuwapo Fungo, mfanyabiashara kutoka bondeni. Alikuwa ametundika nyuzi zake kwenye tawi, na jua lilikuwa linapita katikati yake. Ee jamani! Kulikuwa na uzi wa zambarau, zambarau ile iliyoiva mpaka ngozi inataka kupasuka. Kulikuwa na wa manjano kama kiini cha yai. Kulikuwa na wa buluu, rangi ya milima ya mbali mvua ikiisha.

Nungunungu akavuka njia. Hakujua amevuka saa ngapi.

"Shika, mama," Fungo akasema. "Kushika ni bure."

Akashika. Uzi ukapita vidoleni kama maji. Moyo ukamwenda mbio: pa! pa! pa!

"Una joto?"

"Sufu ya wanakondoo, nimeisokota na hariri. Joto unalo."

"Unafaa soksi?"

"Unafaa chochote, mama. Ila kapu lako litatoa donge moja na nusu. Ukiwa na haraka, Kondoo yule pale, kapu hilohilo litatoa madonge tele." Fungo akanyoosha kidole kabisa. "Mimi nauza tu. Anayejua anachofuma ni wewe."

Mmesikia? Fungo hakumdanganya.

Nungunungu akageuka, akamtazama Kondoo. Kondoo anatafuna. Akautazama uzi wa kijivu. Akautazama wa zambarau. Akajisemea moyoni, "Namkunda anakaa juu pale, mlima mzima unamwona. Mlinzi avae majivu? Hapana. Anastahili kitu kizuri. Nikianza kwa donge hili, jingine nitaongezea mwenyewe."

Kwa ajili ya Namkunda, hivyo ndivyo alivyojiambia. Akamwaga kapu lote.

"Bi Nungu!" Kondoo akaita. "Na huu wangu?"

"Siku nyingine!"

Akarudi nyumbani anakimbia. Akakaa mlangoni. Ch! akang'oa mwiba. Ch! wa pili. Akashika ncha ya uzi, akatia kitanzi cha kwanza. Tiki. Akakitazama. Akakifumua.

Kwa nini? Sababu uzi ulipokuwa donge, ulikuwa unang'aa wote. Kitanzi kilikuwa kitanzi tu. Akauweka shavuni, akafumba macho. Akasema, "Leo mwanga si mzuri. Nitaanza kesho." Akautia chunguni, akafunika, akaimba:

*Uzi wangu, uzi wangu,*
*lala chunguni, uzi wangu.*
*Kufuma nitakufuma,*
*kesho nitakufuma.*

Itikieni na nyie: kesho nitakufuma!

— Kesho nitakufuma!

Kesho ikafika. Akafunua chungu, akautoa, akaupapasa, akaurudisha. Akaimba. Kesho nyingine ikafika. Akafunua, akautoa, akaupapasa, akaurudisha. Akaimba.

Namkunda akaja. "Hodi, dada Nungu. Soksi vipi?"

"Ziko njiani, mdogo wangu. Uzi ndio kwanza unakauka, niliufua."

"Haya, dada. Asante." Akapanda zake jiweni.

Nungunungu akajisikia vibaya. Akafunua chungu, akautazama uzi, ubaya ukaondoka. Akasema, "Kweli sijaanza. Lakini nitaanzaje na donge moja na nusu? Na zambarau peke yake imepooza. Inataka ukingo wa manjano."

Siku ya soko akachukua magimbi yake mwenyewe, yale aliyojiwekea kwa ajili ya kipupwe. Chaka-chaka, chaka-chaka, mpaka kwa Fungo. Akarudi na uzi wa manjano. Akauweka kando ya wa zambarau. Mama yangu! Zilivyopendana! Akatia kitanzi, akakifumua. Akatafuta chungu cha pili.

*Kufuma nitakufuma...*

— Kesho nitakufuma!

Soko jingine akapeleka ulezi wake. Akarudi na uzi wa buluu. Soko jingine akapeleka mbegu zake za maboga. Akarudi na uzi wa rangi ya mchele mbichi, ambao hata hakujua utakaa wapi kwenye soksi. Kule nyuma ya pango vyungu vikapangana. Chakula kikapungua, uzi ukaongezeka. Alikula kidogo, akalala na njaa, na akalala anatabasamu. Mchana alivitoa vyungu mlangoni, akapanga rangi hii na hii, akapangua, akapanga upya. Mikono yake ilishinda na uzi kutwa, na jioni hakuna hata kidole cha soksi kilichofumwa.

Namkunda akaja tena. "Dada Nungu, soksi vipi?"

"Ziko njiani, mdogo wangu. Kisigino ndicho kinanisumbua."

Kisigino! Soksi yenyewe haina hata mdomo.

"Pole, dada. Usijiumize macho kwa ajili yangu," Namkunda akasema. Akapanda zake jiweni.

Kipupwe kikaingia. Upepo ukaanza kupiga mluzi kwenye nyufa, fiii, fiii. Nungunungu alikuwa na manyoya yake na miiba yake na pango lake. Na Tai hali nungunungu, mnajua. Hakuwa na la kuogopa.

Jioni moja Namkunda akashuka. Hakupiga hodi. Alikuja taratibu, anakanyaga kwa ukingo wa mguu, kama anayetembea juu ya makaa. Akakaa mlangoni. Pale alipokanyaga palibaki alama nyekundu.

"Dada Nungu. Sakitu imeanguka leo."

"Nimeiona."

"Kama hazijaisha zote, nipe mbili. Nipe hata moja, nitakuwa naihamisha. Mguu huu, halafu huu."

Vyungu vilikuwa nyuma ya mgongo wa Nungunungu, karibu, mkono unafika. Akasema moyoni, "Mwambie. Mwambie sasa, kisha kaa ufume mbele yake." Akapeleka mkono nyuma. Akagusa kifuniko. Halafu macho yakashuka kwenye nyayo za Namkunda, zimepasuka, zinatoka damu. Na likaja wazo. Wazo hilo hakumwambia mtu mpaka anakufa, lakini mimi nitawaambia. Aliwaza: damu itaharibu uzi.

Akaurudisha mkono.

"Kesho," akasema. "Kesho asubuhi. Njoo uzichukue."

"Kweli, dada?"

"Kweli."

"Mungu akubariki." Namkunda akainuka, akaegemea ukuta, akaenda zake kwa ukingo wa mguu. Alishukuru. Hilo ndilo lililomkaa Nungunungu moyoni, kwamba alishukuru.

Asubuhi jiwe likaamka jeupe. Nungunungu naye akaamka mapema, na safari hii alikuwa ameazimia. Ch! akang'oa mwiba. Ch! wa pili. Akavitoa vyungu vyote nje penye mwanga. Akasema, "Sasa nianze na upi? Mdomo uwe wa manjano au wa buluu?" Akaweka manjano. Akatoa. Akaweka buluu. Akarudi nyuma hatua kidogo, akatazama.

Kwiii!

Akainua kichwa.

Kwiii! Kwiii!

Purukushani, purukushani! Pimbi wanakimbia, mama wanaita watoto, fyuu, fyuu, nyufani. Kisha kimya. Nungunungu akasubiri. Aliijua sauti ya yule wa mwisho kuingia, kucha zake kwenye mwamba, kwaru-kwaru, kila siku aliisikia. Akasubiri. Haikuja.

Kwiii! Kwiii! Bado ukelele ulikuwa unatoka kulekule juu.

Pimbi waliona kupitia nyufa. Namkunda alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Ilikuwa imekufa, kama vijiti. Akaanguka kifudifudi. Akajivuta kwa kifua. Na huku anajivuta hakuacha kupiga ukelele, sababu kuna mtoto wa jirani alikuwa bado nje. Mtoto yule akaingia. Vuuu! Mabawa. Kwi—

Basi.

Nungunungu alisimama palepale, uzi wa buluu mkononi. Upepo ukapita. Fiii. Juu ya jiwe likaanza kutoka neno moja, kutoka ufa hadi ufa, na neno lenyewe lilikuwa jina la Namkunda.

Siku ya pili yake Bibi Nakijwa akashuka. Mgongoni amembeba mjukuu. Macho yamevimba, lakini sauti haikutetemeka.

"Hodi, Bi Nungu."

Nungunungu akainuka. Vyungu vilikuwa bado nje, tangu jana hakuviingiza.

"Sikuja kulia kwako," Bibi Nakijwa akasema. "Nimekuja kuchukua zile soksi. Mwanangu aliniambia zilikuwa tayari. Leo amepanda kaka yake, Mbazi, na jiwe bado la baridi. Kama zitampwaya tutazifungia kamba."

Nungunungu akaangalia chini.

"Ziko wapi?"

Nungunungu akanyoosha kidole kwenye vyungu.

Bibi Nakijwa akatazama ndani ya chungu cha kwanza. Akatazama cha pili. Akaenda kimoja baada ya kingine, taratibu, mpaka cha mwisho. Mtoto mgongoni akanyoosha mkono, akashika ncha ya uzi wa manjano, akacheka.

"Huu uzi ulinunua lini?"

"Wa kwanza... siku ile mliponipa kapu."

"Na huu mwingine?"

"Baadaye."

"Kwa hiyo alipokuja mara ya kwanza, ulikuwa nao."

"Nilikuwa nao."

"Alipokuja na damu miguuni?"

"Nilikuwa nao, mama."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Nungunungu akafungua mdomo. Akatafuta. Alitafuta kweli, kwa moyo wote, akitaka apate jibu, hata baya, ampe yule mama. Hakulipata. Hapakuwa na kitu alichokuwa anakingoja.

Bibi Nakijwa akautoa uzi mkononi mwa mtoto, akauweka kwenye kiganja chake, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Ni mzuri kweli," akasema. Akaurudisha chunguni. Akaondoka.

Nungunungu akakaa chini palepale. Akashika miiba. Tiki-tiki, tiki-tiki. Hakuchagua rangi, alichukua uliokuwa karibu. Tiki-tiki, tiki-tiki. Manjano ikaisha akaunga zambarau, zambarau ikaisha akaunga buluu. Machozi yakaanguka kwenye uzi, akafuma juu yake. Hakula. Hakuwa na cha kula. Tiki-tiki, tiki-tiki, mpaka soksi za miguu minne zikawa zimelala magotini pake, nene, laini, zenye joto.

Akapanda nazo jiweni. Pimbi wakampisha. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemtukana. Mbazi akazivaa. Akakanyaga jiwe mguu huu, akakanyaga mguu huu. Akasema, "Zina joto."

Na kabla Nungunungu hajashuka, kivuli kikapita juu ya nyasi. Kwiii! Mbazi akapiga ukelele. Kwiii! Kwiii! Pimbi wote nyufani, fyuu! Na Mbazi naye akaruka, miguu inamwitikia, kwaru-kwaru, akaingia. Wa mwisho, mzima. Tai akazunguka, akaondoka bila kitu.

Bibi Nakijwa akatoka ufani. Akazitazama soksi miguuni mwa Mbazi. Akamtazama Nungunungu.

"Ulianza lini kuzifuma?"

"Juzi," Nungunungu akasema. "Ulipoondoka."

"Juzi."

"Ndiyo, mama."

"Juzi ukaanza, leo zimekwisha."

Nungunungu akatikisa kichwa kukubali. Pimbi wote walikuwa wamesikia, kila ufa ulikuwa umesikia. Bibi Nakijwa akageuka, akaingia ndani na mjukuu wake.

Tangu siku ile pimbi hawakumsalimu Nungunungu. Hawakumfukuza. Hawakumsema. Kila kipupwe alifuma soksi za mlinzi, akaziweka juu ya jiwe, akashuka. Asubuhi alizikuta zimechukuliwa, na mlinzi amezivaa. Lakini akipita kusema "Hamjambo," jiwe zima linanyamaza. Alipozeeka aliwahi kukutana njiani na kijana wa kike wa pimbi, mwenye sauti kubwa, na alijua ni mtoto wa nani. Akafungua mdomo amsalimu. Kijana akampisha njia kwa adabu zote, akapita bila kuitika.

Basi funzo lake nalisema waziwazi, wa mbele msikie na wa nyuma msikie. Kupenda kitu kizuri si kosa. Kosa la Nungunungu ni kukikalia kitu alichopewa kwa ajili ya mwenzake, akijiambia anakitunza, mpaka mwenye kukihitaji hayupo. Ukipewa cha mtu, mpe angali na mkono wa kukipokea.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jiwe la pimbi. Mwenye kuipeleka kwao aipeleke, mwenye kulia alie, nami nimemaliza.